Mama Mkwe na Siku Zisizo na Jambo

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa kusimama. Sijui niseme vipi mnielewe. Mkitoka naye kwenda kuchota maji, atasimama njiani. Mkiwa mnakimbizana kuanua kunde kwa sababu upepo umechafuka, yeye atasimama katikati ya paa la tembe, lile paa bapa tunaloanikia, ungo mkononi, anaangalia upande wa kijiji cha Zuzu kama mtu aliyeitwa. Ukimuuliza, "Mama, kuna nini?" anakujibu, "Hakuna kitu." Na kweli ukitazama huoni kitu. Vumbi, miiba, ng'ombe wa watu, kilima kile kile cha jana. Kisha anashuka, anaendelea na kazi yake, na wewe umebaki na hasira zako.

Nimeishi naye kwenye tembe moja miaka mingi, enzi za Wadachi, mpaka reli ilipofika. Watoto wangu wakubwa alinizalisha yeye kwa mikono yake. Wajukuu wananiuliza alikuwa mtu wa namna gani, na kila nikianza kusimulia nakuta bado nimekasirika. Si hasira ya chuki. Ni hasira ya mtu aliyeona mwenzake ana kitu kizuri, akamwomba amgawie, akaambiwa, "Chukua tu, hiki hapa," na kila akinyoosha mkono hakishiki.

Mimi ni mtu wa Kondoa. Kwetu maji yanatoka yenyewe ardhini. Unaweka mtungi, unajaa, unaondoka. Baba alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku na nta ya nyuki, na nyumbani kwetu kila kitu kilifanywa upesi kwa sababu siku zote kulikuwa na msafara unaokaribia kuondoka. Tulikula haraka, tuliswali haraka, hata kulia tulilia haraka. Mume wangu alikuja Kondoa na ng'ombe wa kuuza, akakaa, akasilimu hukohuko, akanioa. Nikafuatana naye kwa miguu mpaka Ugogo, nikaonyeshwa nyumba ndefu yenye paa bapa la udongo, na mlangoni amesimama mwanamke mrefu, mwembamba, amejifunga kaniki, masikio yametobolewa matundu mapana.

Nikainama. "Shikamoo, mama."

Akanitazama, akamgeukia mwanawe. "Anasema nini huyu?"

"Anakuamkia, mama. Unatakiwa kujibu marahaba."

"Mbukwa," akaniambia mimi, kwa sauti ya mtu asiyetaka kufundishwa salamu mlangoni kwake. Hiyo ndiyo salamu yao. Baadaye aliizoea marahaba, akaipenda mno, akawa anaijibu hata kabla hujamwamkia. Ukiingia tu na kuni zako kichwani, "Marahaba!" Inakubidi utue mzigo umpe shikamoo ambayo ameshaijibu.

Nianze na maji, maana hapo ndipo tulipoanza kukosana.

Kiangazi huko, mto ni mchanga mtupu. Mnashuka asubuhi na vibuyu, mnachimba shimo kwa kata mpaka mchanga uwe mweusi, halafu mnangoja. Maji yanajitokeza kidogo kidogo, kama jasho. Unachota nusu kata, unangoja tena. Kwa mtu wa chemchemi kama mimi ilikuwa ni adhabu. Nilikaa pale nikiwaza moto niliouacha, mtoto niliyemwacha, mboga sijachambua, na moyo unanichemka. Mama mkwe yeye alivua viatu vyake vya ngozi, akatumbukiza mguu kwenye ule mchanga mbichi pembeni ya shimo, akafumba macho.

"Weka mguu," akaniambia siku moja.

Nikaweka.

"Umesikia?"

"Nasikia baridi."

"Basi."

"Basi nini, mama?"

"Basi ndiyo hiyo."

Nikangoja aendelee. Nilidhani kuna maneno yanakuja nyuma, wazazi wa kwetu hawakuiti uweke mguu mahali bila kukupa mawaidha. Hayakuja. Alikuwa ameshafumba macho tena. Wanawake waliokuwa wanangoja zamu wakaanza kunung'unika kwamba shimo letu limejaa na hatuchoti, na aliyekemewa nilikuwa mimi, kwa sababu mkubwa hakemewi.

Msije mkamfikiria alikuwa mtu mpole mwenye maneno matamu. Ulimi wake ulikuwa mwiba. Samli aliificha ndani kabisa na akaikadiria kwa ncha ya kidole, na kidole chenyewe kile kidogo. Mbuzi aliwachukia, alisema macho yao ni ya mtu anayekudai. Msimu mzima aligombana na jirani kwa sababu beberu la jirani lilipanda kwenye paa letu likala mlenda tulioanika, na walipopatanishwa alikubali kupatana na jirani lakini si na beberu. Mlenda wangu mimi aliusema mbele ya wageni. "Huyu ametoka kwenye maji mengi," aliwaambia, "ndiyo maana kila anachopika anakizamisha." Upepo wa vumbi ukivuma alisema ni upepo mbaya. Uwele ukiota mbaya alisema ni mbaya. Sikuwahi kumsikia akikiita kibaya kizuri, na hilo ndilo lililonitatiza, kwa maana kama angekuwa mtu wa kujidanganya ningemdharau nikapumzika.

Lakini siku ambayo hakuna jambo lolote, siku ile ambayo mimi nikiulizwa usiku ilikuwaje ningesema haikuwa chochote, yeye aliila kama mtu anayekula asali pamoja na nta yake. Alitafuna polepole. Alikaa kwenye kivuli cha ukuta na mtoto wangu miguuni, anamchana nywele ambazo hazikuhitaji kuchanwa. Aliwanusa ndama. Jioni ng'ombe wakirudi alitoka nje kuwatazama wakiingia zizini mmoja mmoja, na kila siku waliingia vilevile, na kila siku alitoka.

Watu walimzungumza. Pale jirani alikuwepo mzee mmoja aliyewahi kukamatwa na simba begani, akaokolewa na wenzake kwa mikuki. Bega lake lilikuwa limekauka kama kipande cha ngozi. Huyo alikuwa na neno lake, na hakuna pombe iliyonywewa bila neno hilo kusemwa: kwamba mtu asiyewahi kuingia kinywani mwa simba hajui utamu wa ugali. Kila mtu aliliheshimu. Na kwa kuwa mama mkwe alionekana kuujua utamu wa ugali kuliko yeye mwenyewe mwenye simba, watu wakasema lazima kuna kitu kilimpata. Wengine walisema ndui. Wengine walisema alizama kwenye bwawa akiwa msichana. Wengine walisema ni ile njaa ya zamani, kwamba alikuwa ameshafunikwa ngozi ya ng'ombe tayari kuzikwa, akakohoa.

Mimi nikamuuliza. Tulikuwa tunapukuchua mahindi kidogo ambayo baba yangu alituletea.

"Mama, ulipokuwa mdogo uliugua ndui?"

"Uso wangu huu una ndui?"

"Hapana. Basi simba?"

"Simba nimemwona ngozi tu. Ilikuwa inanuka."

"Kwenye njaa je?"

"Baba yangu alikuwa na ng'ombe wengi. Tulikonda, hatukufa." Akaniangalia. "Kwa nini unanitafutia kifo?"

"Nataka kujua ulijifunza wapi."

"Kujifunza nini?"

Nikashindwa kukitaja. Mpaka leo nikitaka kukitaja nakosa neno. Nikasema, "Hivyo unavyokaa."

Akacheka mpaka punje zikamwagika mapajani. "Nani anafundishwa kukaa?" Akamsimulia mwanawe jioni ile, wakacheka wote wawili, na mimi nikaenda kulala bila kula. Hakuna aliyeniita. Yeye alikuwa anakula, na akiwa anakula hakukuwa na dunia nyingine.

Hapo kwenye kula ndipo lilipotukuta jambo kubwa.

Nyumbani kwake kulikuwa na sheria moja. Ugali ukishawekwa chini, hakuna kuongea mpaka kila mtu apate matonge ya kwanza ashibe kidogo. Hata mgeni akiingia, ananawa, anakula, ndipo anasema kilichomleta. Alisema mtu anayekula huku anaongea hakula wala hakuongea. Sisi tulishazoea.

Miaka hiyo Wadachi walikuwa wanaileta reli kutoka pwani. Tulikuwa tunaisikia tu, kwamba imefika mahali fulani, kwamba milima inapasuliwa kwa baruti. Ikafika wakati wakahitaji watu zaidi, na askari wa boma wakawa wanapita vijijini wakiongozana na jumbe kukusanya wanaume. Mwanamume mwenye taarifa alikuwa anaingia porini na ng'ombe zake anakaa huko mpaka wapite.

Mchana mmoja tumekaa tunakula, akaingia binamu ya mume wangu anatoka upande wa Nkuhungu, kifua kinapanda na kushuka, jasho limemlowesha mpaka kiunoni.

"Mama mdogo..."

"Marahaba. Nawa."

"Mama mdogo, nimekuja..."

"Naona umekuja. Ugali unapoa. Nawa ule, utasema ukishakula."

Yule kijana alimtazama mume wangu. Mume wangu alitazama chini, maana mama ameshasema. Na huko kwao kukataa chakula cha mama yako mdogo mbele yake si jambo dogo, ni kama kumpiga. Akanawa. Akachukua tonge, akachovya kwenye mlenda, akala. Akala la pili. Mimi niliona anameza bila kutafuna nikadhani ni njaa. Alipofika mahali ambapo mtu anaweza kusema, akasema, "Askari wanakuja. Wako nyuma yangu." Na kabla hatujainuka tukasikia mbwa, kisha tukasikia viatu vyao zizini.

Walimchukua mume wangu pamoja na yule binamu yake. Walikuwa hawajamaliza hata ule ugali.

Sitaki kusema mengi. Nilisimama mlangoni nikamtazama mama mkwe, na nikamwambia maneno ambayo mkwe hamwambii mama mkwe. Nilimwambia ugali wake umemuuza mwanawe. Alibaki amekaa mbele ya kile chungu, mikono yake ina mabaki ya chakula, inakauka.

Je, angewahi kukimbia kama yule kijana angesema mlangoni? Mpaka leo sijui. Askari walikuwa karibu mno. Pengine wangemkuta porini, pengine wasingemkuta. Nimezipima hatua hizo kichwani mwangu mara nyingi, kutoka mlangoni hadi kwenye vichaka, na kila mara ninapata jibu tofauti.

Tangu siku hiyo mgeni akiingia wakati wa kula, mama mkwe alimuuliza kwanza, kabla hata ya salamu: "Una neno?" Mgeni akisema hana, ndipo anaambiwa anawe. Hakuwahi kuniomba msamaha. Hiyo "una neno" ndiyo ilikuwa yote niliyopata. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba baada ya siku kadhaa alirudi kusimama kwenye paa. Mwanawe hayupo, hatujui kama yu hai, na yeye amesimama na ungo anaangalia upande wa Zuzu. Nilitaka kuiondoa ngazi.

Mume wangu alirudi baada ya mavuno, anachechemea. Alikuwa ndani ya handaki wanachimba njia ya reli, udongo ukaporomoka ukamfunika yeye na wenzake. Wengine walikufa. Yeye alitolewa akiwa hapumui, mnyapara akasema wamweke na maiti, kisha mtu akaona tumbo lake linacheza.

Alirudi mtu mwingine. Alikunywa maji ya kwenye mchanga, yale machafu, akasema, "Mke wangu, maji haya matamu!" machozi yanamtoka. Alipopewa uji alilishika bakuli mikononi muda mrefu kama mtoto mchanga. Asubuhi aliwaamsha watoto waone jua linavyotoka, na watoto wanalia wanataka kulala. Alinisifia mlenda. Mlenda wangu! Alikaa na yule mzee wa simba siku nzima, mmoja anasimulia meno, mwingine anasimulia udongo, na watu wanaondoka pale wamejifuta macho. Aliniambia, "Sikujua kwamba ninaishi. Sasa najua. Sitasahau tena maisha yangu yote."

Mimi nilifurahi, niseme kweli. Nikasema sasa nimepata mtu wa kunifundisha anayeongea. Nikamfuata mama mkwe zizini.

"Mama, umeona? Mwanao amekuwa kama wewe."

Alikuwa anamkagua ng'ombe kwato. Hakuinua kichwa. "Huyo bado anaogopa," akasema. "Mwache apoe."

Nilimwona ana wivu. Nikamwona mama asiyetaka mwanawe apate alichonacho yeye. Lakini mvua zikaja, tukapanda, tukapalilia, na kabla uwele haujakomaa mume wangu alikuwa ameshapoa. Siku moja nikampa uji akaunusa akauweka chini. "Huu uji leo umekuwaje?" Siku nyingine akamfokea mtoto aliyemwamsha asubuhi. Ikafika mahali hata udongo wenyewe akawa anausimulia kwa haraka, anaruka vipande, kama hadithi ya mtu mwingine. Nilikaa nikimtazama nikasema moyoni, sasa mtu huyu afukiwe kila masika? Na yule mzee wa simba, ambaye niliishi jirani naye miaka yote hiyo, nikamwangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa mtu mwenye kisirani. Alikula huku akilalamika. Utamu wa ugali aliujua wakati wa kuusimulia tu.

Hapo ndipo nilipoamua nitajifunza mwenyewe. Nilipanda paani. Nikasimama palepale anaposimama yeye, nikaangalia upande uleule. Niliona vumbi, miiba, ng'ombe wa watu. Nikakaza macho. Nikajiambia, tazama, shukuru, una afya, una watoto, mume amerudi. Nikarudia maneno hayo mpaka yakawa kama kelele za nyuki. Upepo ukaja ukabeba kunde zangu zote, zikamwagika uwanjani kwa kuku.

Mama mkwe alikuwa chini. "Unatafuta nini huko juu?"

"Natazama kama wewe."

"Hapana. Unatazama kama mtu aliyepotelewa na mbuzi." Akaanza kuokota kunde.

Niliacha. Reli ilipofika Dodoma mume wangu akapata kazi ya kubeba mizigo stesheni, kwa sababu alikuwa anafahamiana na wanyapara, na tukahamia huko. Sikulia kuondoka. Nilipika uji na vitumbua nikauza karibu na stesheni, na kusema kweli mahali pale palinifaa. Palikuwa pa watu wangu: kila mtu anangoja treni, kila mtu anakimbia treni ikija, kila mtu anakula amesimama. Miaka ikapita hivyo, sijui ilipita wapi. Tulikwenda kumwona mama mkwe mara chache, na tukienda nilikuwa wa kwanza kusema jua limeinama, tuondoke.

Kisha vikaja vita vya wakubwa, Wadachi na Waingereza. Wanaume wakachukuliwa upagazi, ng'ombe wakachukuliwa kuliwa na askari. Mume wangu mguu wake mbovu ulimponya. Siku moja mwanamke wa upande wa Zuzu aliyekuwa akileta kuni mjini akaniambia, "Mkwe wako wamemmalizia zizi." Mume wangu alikuwa kwenye zamu ya mizigo ya jeshi, hawezi kuondoka. Nikaenda mimi asubuhi, nikifuata reli kwa miguu pamoja na wanawake wengine.

Nilikuwa nimejipanga. Nitamchukua nimlete mjini, atake asitake. Lakini niwe mkweli, kulikuwa na kitu kingine kilichonisukuma, nilitaka kumwona. Nilitaka kumwona siku moja akiwa kama sisi.

Nilimkuta uwanjani, amekaa juu ya gogo mbele ya zizi lililo wazi. Alikuwa amezeeka sana. Alikuwa anatukana. Aliwatukana askari, akamtukana jumbe, akamtukana aliyefungua lango, halafu akawataja ng'ombe wake majina, yule mwekundu, yule wa mabaka, yule mtamba aliyekuwa na mimba ya kwanza, na akifika kwa huyo sauti inakatika anaanza upya kutukana.

"Shikamoo, mama."

Hakujibu marahaba. Alisema, "Umeona? Umeona walichonifanyia?"

Nikakaa chini karibu naye. Nikamwambia habari ya kwenda mjini, akasema haendi, mji unanuka moshi. Nikamwambia hapa atakula nini, akasema atakula walivyokula wazee wake ng'ombe walipokufa kwa sotoka. Nikashindwa kujizuia.

"Mama, miaka yote nimekuona unasimama unatazama, unafurahi na vitu ambavyo si vitu. Nikasema huyu mwenzetu hakasiriki na dunia. Leo mbona hivi?"

Akanigeukia. "Nani alikuambia sikasiriki? Mimi nimekasirika tangu wewe hujazaliwa."

"Kwa nini?"

Akaligeukia tena zizi. Nikadhani yameishia pale, kama siku zote. Kisha akasema:

"Nilipoolewa, baba wa mumeo alikuwa mtu wa misafara. Anaondoka na pembe za ndovu anakwenda pwani, namwona kwenye ndoto tu. Nikasema akirudi, nitatulia. Akarudi. Nikasema mtoto akizaliwa, nitatulia. Akazaliwa. Nikasema akitembea. Akatembea. Mvua ikinyesha. Ikanyesha. Jioni moja ninakamua. Hakukuwa na jambo lolote siku hiyo, wala nyoka, wala radi, hakuna aliyeugua. Mume yuko ndani, mtoto anacheza, ghala limejaa, ng'ombe ana maziwa mengi. Na mimi ninakamua haraka haraka ili nimalize. Nikajiuliza, nimalize niende wapi? Nilikuwa sina pa kwenda. Vyote nilivyokuwa nangoja vilikuwa vimekuja, na mimi bado nangoja. Nikashikwa na hasira, nikataka kulipiga teke lile bakuli la maziwa."

"Ulilipiga?"

"Maziwa? Nilikuwa na wazimu?"

"Kwa hiyo siku hiyo ndiyo ukajua."

"Kesho yake nikasahau. Nikaanza kukimbia tena. Siku moja njiani nikajifuma ninakimbia, kama unavyomfuma mwizi, nikakasirika, nikasimama. Nikasahau tena. Ndiyo mpaka leo." Akapangusa pua kwa upande wa mkono. "Wewe ulikuwa unaniona nimesimama unadhani nimefurahi. Nilikuwa nimejifuma. Kisha nikishasimama, basi, natazama kilichopo. Kama ni kizuri, ni kizuri. Leo kilichopo ni hili zizi."

Niliona hasira inanipanda mimi sasa. Miaka yote ile! "Mama, kwa nini hukuniambia haya nilipokuuliza?"

"Uliniuliza habari za simba."

Tukakaa. Aliwataja ng'ombe tena, safari hii bila matusi, mmoja mmoja, na mimi niliyewajua nikasaidia. Jua lilikuwa limepita katikati. Akajinyoosha mgongo, akasema mikono yake leo haina nguvu, kuna uwele kidogo uliobaki kwenye kibuyu ndani, nimsagie apate hata uji.

Nikaingia, nikapiga magoti kwenye jiwe la kusagia, nikaanza. Nilisaga kwa nguvu. Nilikuwa nawaza njia ya kurudi, wale wanawake tuliokuja nao kama wataningoja, watoto, uji wa kesho wa stesheni, treni ya askari iliyosemekana itapita asubuhi, mume wangu nitamwambia nini kuhusu mama yake. Mikono inasaga, na mimi nilikuwa nimeshafika Dodoma, nimeshawasha moto, nimeshaanza kuuza.

Na hapo nikajifuma.

Hasira iliyonishika sijawahi kuipata tena. Nikaacha kusaga, nikakaa juu ya visigino vyangu na jiwe mkononi. Mlangoni mwanga ulikuwa unaingia, na vumbi la unga lilikuwa linaelea ndani ya mwanga ule polepole, na nje nilisikia mama mkwe akikohoa, akiwa hai, amekaa pale alipokaa. Unga ulikuwa wa moto kwenye vidole. Ulikuwa unanukia.

"Mbona kimya?" akaita kutoka nje. "Umemaliza?"

"Bado, mama."

"Basi saga. Nina njaa."

Nikaendelea kusaga.